Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Biashara za Karatina na Reli ya Nanyuki

Wanachama wenzangu, wazee wetu na akina mama wa soko, hamjambo.

Mlituagiza tuorodheshe biashara za mji huu zilizoishi kwa stesheni. Kazi hiyo ndiyo iliyokula muda wa kamati. Hesabu atazisoma mhazini.

Reli ilifika Thika mwaka 1913 na Nanyuki mwaka 1930. Bahati yetu ni kwamba ilipita hapa hapa mjini. Wenzetu wa Nyeri iliwaacha kando. Mzigo wao ulishukia Kiganjo, ukatafutiwa njia nyingine ya kufika. Nadhani soko letu linadaiwa na bahati hiyo kuliko tunavyopenda kukiri.

Wazee walizungumza zaidi kuhusu kiwanda cha kukausha mboga. Serikali ya kikoloni ilikianzisha wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kulisha wanajeshi. Wakulima wa huku wakazoea kulima viazi, kabeji na karoti za kuuza, kwa kipimo na kwa wakati. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa, lakini mkulima alikuwa ameshajifunza kulimia soko. Kwangu mimi, huo ni urithi mkubwa kuliko majengo.

Baadaye malori yakachukua mzigo, kwa sababu lori humfuata mkulima hadi shambani. Treni zikaadimika, vibanda vikaota kando ya reli. Ilipokarabatiwa mwaka 2020, baadhi yenu mlibomolewa, na machungu hayo bado tunayasikia katika kila mkutano. Tukaona mabehewa ya mafuta yakielekea Nanyuki, na Desemba mwaka huo abiria wakarudi. Abiria ni jambo jema, hasa kwa muuza chai. Mwenye ghala hanufaiki sana.

Kamati inapendekeza tuombe njia ya kando ya kupakilia na kupakua mizigo, pamoja na banda lenye paa. Tusidanganyane: kabeji haitasubiri treni. Mbolea, saruji na nafaka zinaweza kusubiri, na hizo ndizo zinazotugharimu sana kuleta kwa barabara. Tukienda kuomba kila kitu, tutarudi mikono mitupu.

Pendekezo litapigiwa kura alasiri. Mwenye stakabadhi za zamani za mizigo, hata zilizoliwa na mchwa, amkabidhi katibu kabla ya chakula. Zitanakiliwa na kurudishwa leo leo.