Mmetuambia tuache muguka. Saa kumi alasiri twende wapi?

Mhariri,

Tangu Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani yale ya kutafuna yanayochangamsha, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na mahakama ikasimamisha amri hizo, nimesoma maoni mengi. Magavana wamesema, wakulima wa Embu wamesema, masheikh na maaskofu nao wamesema. Sijaona barua ya mlaji mwenyewe. Naomba nafasi niiandike mimi.

Nimekula muguka miaka kumi na tisa, mingi yake nikiwa kwenye usukani wa lori kati ya Mombasa na Malaba. Nilianza ili nisisinzie nikipita Mtito Andei usiku. Baadaye nikawa nakula hata siku za mapumziko, nyumbani Kisauni. Ikigonga saa kumi alasiri niko kibandani, mfuko mkononi, bigijii (chingamu) mdomoni, soda pembeni, mpaka saa nne usiku. Kisha macho makavu hadi adhana ya alfajiri, na hasira zikiwaangukia mke na watoto ambao hawakunikosea chochote.

Niliacha mara nne. Mara moja niliapa mbele ya mama yangu akiwa mgonjwa. Kila mara nilirudi kwa njia ile ile: saa kumi ikifika, miguu inanipeleka yenyewe. Nilikuwa na saa sita tupu na mdomo usio na kazi.

Mpwa wangu hufanya usafi katika nyumba moja ya wageni huko Diani, ambako Wazungu huja kufanya yoga, na huko amejifunza aina iitwayo Kundalini. Alikuja kunisalimu akanikuta niko siku ya tatu bila muguka, nimekaa nasaga meno. Akaniambia, "Mjomba, taya lako bado linatafuna. Basi lipe kazi."

Alitandika mkeka. Nikakaa nimekunja miguu kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake, mgongo wima. Unakunja ngumi, vidole gumba vikibaki nje, unaviweka kwenye mapanja ya kichwa, kando ya macho, pale penye kibonyo. Macho unayafumba na kuyaelekeza katikati ya nyusi. Midomo imefungwa, magego yameumana, kisha unabana na kulegeza, upande huu na upande huu, huku moyoni ukitamka silabi nne: Sa, Ta, Na, Ma. Misuli ya mapanja hucheza chini ya vidole. Dakika tano za kwanza, baadaye saba.

Walioizoea wanasema mbano huo unagusa sehemu ya ubongo inayoshika uraibu. Hilo ni dai lao. Langu ni hili: kwa mtu aliyetafuna miaka kumi na tisa, ni taya lile lile, mwendo ule ule, ila hakuna jani. Baada yake huwa natoa pumzi za haraka puani nikipiga kitovu ndani, wao huziita pumzi ya moto, dakika moja tu. Mjamzito au mwenye presha asizijaribu.

Kwao, siku 40 mfululizo ndizo za kuvunja tabia, 90 za kujenga nyingine, 120 za kuithibitisha, na 1,000 za kuimiliki. Ukiruka siku moja, unaanza upya. Sisi wa Pwani arobaini tunaijua. Mzazi hutimiza arobaini, na marehemu husomewa arobaini yake. Wiki ya kwanza nililala kama mgonjwa, na nikilala naota ndoto mbaya. Siku ya 23 nilikwenda harusini Likoni, nikatia mdomoni kiganja kimoja cha majani. Kesho yake nikahesabu moja. Leo ni siku ya 97.

Jirani yangu alinionya kwamba hii ni ibada ya Wahindi. Sikumpuuza. Silabi zile zinatokana na Sat Nam, maneno ya Makalasinga yenye maana kwamba jina lake ni Kweli, na mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga yenye maneno ya namna hiyo. Nilimwendea imamu wetu, tukazungumza sana. Tangu siku hiyo naacha silabi, nahesabu moja, mbili, tatu, nne, na hufanya hivyo baada ya kuswali alasiri. Wa imani nyingine afuate dhamiri yake.

Wala sifichi habari za aliyeieneza yoga hii ya Kundalini. Yogi Bhajan alitoka India akaingia Kanada mwaka 1968, akajenga jumuiya yake Marekani, akafariki 2004. Mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na watu wa jumuiya yake wenyewe uliona kwamba madai ya wanawake kuwa aliwadhulumu kingono yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Niliposoma nilikaa siku nzima na uchungu. Nikaamua: mazoezi nitayatumia, picha yake haitaingia nyumbani mwangu, na mwalimu yeyote atakayetaka mwanafunzi amtii yeye, tumwepuke.

Sasa niseme na viongozi wa kaunti. Mmetuambia acheni. Mmetuonyesha picha za meno yaliyooza. Hakuna aliyetuambia saa kumi alasiri tuwe wapi, mikono ifanye nini, taya lifanye nini. Kijana wa Majengo anayeacha leo, kesho alasiri hana pa kwenda ila maskani, na huko wenzake wote wanakula. Anayetumia unga anahitaji kliniki na dawa, sidai mkeka unatosha. Lakini sisi wa majani tunaweza kuanza na mkeka.

Fungueni ukumbi mmoja katika kila wadi, kuanzia alasiri hadi magharibi, kila siku, Jumapili pia. Asiyetaka yoga anyooshe viungo, au anyamaze tu na wenzake. Mikeka tutaleta wenyewe. Wa Kisauni ukifunguliwa, mimi nitakuwa mlangoni saa kumi kasorobo.

Dereva wa lori,
Kisauni, Mombasa