Taarifa ya Mwenyekiti, Mwaka 2025: Usitoke Uwanjani

Wapendwa wanachama, Bwana Yesu asifiwe sana. Mwaka umeisha na bado tuko, na hilo peke yake mimi nalihesabu kuwa jibu la maombi juu mnajua vile huu mwaka umetupeleka. Mambo ya pesa namwachia mweka hazina, hesabu ziko kwa ile karatasi mmepewa mlangoni na pia ziko kwa grupu, zisomeni pole pole na mwenye swali aulize hapa mbele ya watu, si kule nje kwa geti. Kwa ufupi mikopo mingi imelipwa, mazishi tumesimamia bila kukopa mahali, lakini mfuko wa karo umekauka na Januari itatupata vibaya tusipojipanga mapema.

Mimi nataka kuongea juu ya kitu kimoja ambacho kimenikosesha usingizi. Watu wetu wanatutoka kimya kimya. Hakuna ugomvi, hakuna aliyekosewa. Ni mtu tu biashara inalala, anakosa mchango mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anaona haya kuja na mikono mitupu, wa tatu hashiki simu, halafu siku moja unaona kwa grupu fulani ametoka na hakuna hata mmoja anauliza kwa nini. Wengine wameacha hadi kanisa juu tunakaa viti vya karibu na wanaogopa macho yetu. Kwangu hiyo ndio hasara kubwa ya 2025, pesa hurudi.

Mnakumbuka 10 Agosti? Ilikuwa Jumapili, Kenya na Moroko pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, mechi ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na wengi wenu mlitoka ibada bila kungoja chai ili mpate pa kukaa mbele ya TV. Ryan Ogam akatufungia, tukaruka mpaka viti vikaanguka, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu na nyumba nzima ikanyamaza. Kipindi chote cha pili tukacheza kumi dhidi ya kumi na moja, na hao wenyewe walikuwa wameshalibeba hilo kombe mara mbili. Nilikuwa naangalia vile vijana wetu walikuwa wanacheza, haukuwa mpira wa madoido hata kidogo, ilikuwa ni kuondoa mpira na kurudi mbio, kuondoa na kurudi tena, mshambuliaji unamwona anakaba pale kwa beki wa pembeni, na lile pengo la yule mmoja aliyetoka likazibwa na wote kidogo kidogo. Ikaisha 1-0.

Nyinyi pia mnajua vile mambo yalienda baadaye, robo fainali tukatolewa na Madagaska kwa penalti, na Moroko hao hao ndio wakabeba kombe hapo hapo Kasarani. Nataja hiyo makusudi, juu kuna mahubiri mengi siku hizi yanasema ukimwamini Mungu basi kila Jumapili utashinda, na mtu akishindwa anadhani imani yake ilikuwa feki. Paulo hakuandika hivyo. Aliwaambia Wakorintho "twatupwa chini, bali hatuangamizwi", yaani yule anaongea ni mtu ameangushwa chini kweli kweli, amepigwa, amefungwa, na bado yuko ndani ya mchezo.

Najua mnangoja nitaje ile timu ya Leicester, vijana huwa hawanisamehe nisipoitaja. Sawa, wale walioweka dau mwanzo wa msimu wa 2015/16 walipewa 5000 kwa 1, yaani shilingi moja ilipe elfu tano, na Leicester wakachukua ligi ya Uingereza, hiyo kila mtu anajua. Lakini mimi napenda zaidi msimu wa kabla ya huo, ambao Krismasi iliwakuta mkiani na hata Aprili bado walikuwa wa mwisho, wakaanza kushinda kidogo kidogo hadi wakabaki ligini. Bila huo msimu wa kubaki tu, hakungekuwa na kombe la kuongelea.

Ile inanigusa kabisa ni ya Zambia. 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilianguka baharini ikitoka Libreville, Gabon, na wote waliokuwa ndani wakafa. Kalusha Bwalya, mchezaji wao nyota, hakuwa ndani juu alikuwa anacheza Uholanzi. Taifa lingesema basi, tupumzike na mpira, na hakuna mtu angewalaumu. Walikusanya wengine, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Afrika, wakafungwa na Nijeria 2-1. Hapo ndio pagumu jamani, umezika ndugu zako, umejikaza, umefika karibu kabisa na bado unapoteza. Ikapita miaka 19 tangu ile ajali. Halafu 2012 fainali ikaangukia Libreville kwenyewe, wachezaji wakaenda kwanza ufukweni kuweka maua, kisha 12 Februari wakakutana na Ivory Coast ya Drogba na Yaya Touré, ngoma ikawa 0-0 hadi penalti, vijana wa Zambia wamepiga magoti pale katikati ya uwanja wanaimba, na Stoppila Sunzu akaifunga ya mwisho, 8-7. Kalusha wakati huo alikuwa rais wa shirikisho lao la soka. Aliishi akaona.

Sasa nije nyumbani. Dada yetu mmoja anauza vifuniko vya simu pale tao, sitamtaja na yeye anajijua. 25 Juni maduka mjini yalivunjwa na lake likawa moja wapo, alipofika asubuhi alikuta mlango wa chuma umepindwa kama karatasi, rafu zimeng'olewa ukutani, chini kumebaki tu vile vibao vya bei. Jumapili hiyo alikuja mkutano. Hakuwa na mchango, hakuwa hata na nauli ya kurudi, alikaa nyuma kabisa na kitabu chake cha chama kwa mapaja na tulipofika kwa jina lake akasimama akasema "leo sina kitu, lakini niko". Wangapi walilia hapo? Na ni yeye huyo huyo Oktoba alikaa usiku hospitalini na mke wa mwanachama mwenzetu, wakati sisi wenye maduka mazima tulikuwa tumelala.

Mambo kama hayo ndio hunikumbusha Henry Wanyoike wetu, aliyepoteza macho akiwa kijana. Wakimbiaji wasioona hukimbia wamefungwa kamba ya mkono na yule anayewaongoza, na pale Sydney mwaka 2000, kwa Paralimpiki, ile michezo ya walemavu, kwa mita 5000 yule wa kumwongoza aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikabidi asiyeona ndio amvute anayeona mpaka kwa mstari. Akachukua dhahabu. Chama ni hiyo kamba ndugu zangu, leo unavutwa, kesho unavuta, lakini ukishaifungua na kwenda zako hakuna mtu ataweza kukufikia.

Kwa hivyo kamati inaleta pendekezo na tutalipigia kura leo kabla ya chakula: faini ya kukosa mchango iondolewe kwa mtu yeyote aliyehudhuria mkutano. Kama hukuja na hukutoa habari, faini ibaki vile ilivyo. Kuna wazee wanasema hii italeta uvivu, nimewasikia na nawaheshimu, lakini mimi naamini mvivu haji kukaa mbele ya wenzake aseme sina.

La pili, kila kiongozi wa kikundi kidogo amepewa majina ya waliotoka. Usitume meseji, nenda nyumbani, nenda na mtu mwingine, msiongee deni kabisa siku hiyo, ombeni na yeye tu na mumwambie kiti chake kiko. Ripoti ziletwe kabla ya uchaguzi wa viongozi wapya mwezi Februari, na hao wakirudi watapiga kura kama sisi wote.

Mwenyekiti wenu.