Risala ya Wachuuzi na Waongozaji wa Watalii wa Meli kwa Mgeni Rasmi, Mji wa Kale, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioandamana naye, mzee wa mtaa, maimamu wetu, mama zetu, ndugu wanachama, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum, na kwa wengine wote, hamjambo.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha wachuuzi wa bidhaa za mikono na waongozaji wa watalii, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika. Tunalisema hili la kufika kwa sababu tumewahi kupanga viti, tukapika pilau, tukampokea mwakilishi wa mwakilishi. Kuja kwako wewe mwenyewe, tena kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi, ni heshima ambayo kikundi hiki hakikuizoea, na tunaomba radhi ikiwa baadhi yetu wameonekana kushangaa.

Mheshimiwa, hatutakuchosha kwa historia. Wazee wetu waliwapokea abiria wa meli zilizoitwa Kampala na Karanja kutoka Bombay, na wa meli za Union-Castle kutoka Uingereza, kabla ndege hazijawachukua wasafiri hao. Baadaye zikaja meli za kitalii, na riziki yake ikawa ya kupwa na kujaa. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja hapa Mombasa. Aprili 2009 wakaimiminia risasi MSC Melody upande wa Shelisheli, na kampuni nyingi zikauondoa mwambao wetu katika ratiba zao. Tulipoanza kupumua, Machi 2020 korona ikasimamisha safari za aina hii duniani kote, na tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yamezifanya meli nyingi zilizokuwa zikipitia Suez kubadili njia. Kikundi chetu kimezaliwa na kukulia katika misukosuko hiyo, na bado kipo.

Kuhusu mafanikio, tunajivunia kusema kwamba kikundi kimepiga hatua kubwa za kimaendeleo. Tumenunua miavuli minne mikubwa na meza za kukunja. Wanachama wote wana fulana za sare, isipokuwa wale waliojiunga baada ya fulana kwisha. Waongozaji wetu watatu wanaweza kumsalimu mgeni na kumtajia bei kwa Kijerumani, na mmoja kwa Kiitaliano, ingawa huyu wa Kiitaliano alijifunzia Malindi na hatuwezi kudai sifa yote. Biashara yetu ya nje imefika Kanada, ambako leso iliyopindwa na mwanachama wetu ilichukuliwa na mgeni aliyeahidi kututumia picha. Tumefungua akaunti ya benki, na akaunti hiyo ina pesa ndani.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye jambo lililotufanya tukualike, nalo ni moja tu. Tunaomba choo.

Tunaomba choo cha umma chenye maji, kando ya kiwanja yanapoegeshwa mabasi ya watalii, pamoja na paa la kivuli mbele yake litakaloweza kufunika meza zetu. Huenda baadhi ya waliopo wakaona si adabu jambo hili kutajwa mbele ya mkubwa na kabla ya chakula. Tunaomba radhi. Katika risala zilizopita tuliliomba kwa mafumbo, tukaandika kuhusu mazingira rafiki kwa wageni, na tukajibiwa kwa mafumbo vilevile.

Turuhusu tueleze kwa nini watu wazima wanaouza vinyago, vikoi na vikapu wamekaa kamati nzima kuzungumzia choo. Meli ya kitalii inapofunga gati Kilindini alfajiri, abiria wake amekwisha kulala kitandani mwake. Chai atainywa melini na chakula cha usiku atarudi kukila humo humo, kwa hivyo hoteli zetu hazimwoni. Matembezi ya nchi kavu ameyanunua kwa kampuni ya meli yenyewe, nayo imekwisha kuandikiana mkataba na wakala wa hapa mwenye mabasi. Baadhi yao hupelekwa Tsavo au Shimba Hills. Waliobaki huletwa mjini, wakapigwa picha chini ya mapembe ya Moi Avenue, wakaingia Fort Jesus, kisha wakatoka kuja kwetu. Meli ina saa yake ya kung'oa nanga na kila abiria anatakiwa awe amerudi kabla ya saa hiyo, ndiyo maana dereva wa basi hushinda akitazama saa. Kile kipande cha muda kinachobaki kati ya lango la ngome na mlango wa basi, ambacho mara nyingi hakifiki hata saa moja, ndicho pekee ambacho fedha ya meli inaweza kumfikia mtu wa Mji wa Kale bila kupitia mkononi mwa mwingine.

Na abiria hawa, Mheshimiwa, wengi wao ni wazee waliostaafu. Msimu wao ni wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, wakati jua la Mombasa halina huruma, na sisi wenyewe ndio tunaowahimiza wanywe maji na kuwauzia madafu. Mzee wa miaka 75 aliyemaliza dafu zima hana haja ya kutabiriwa mambo yake. Mgeni mmoja akibanwa, mwongozaji hawezi kumwacha apotee vichochoroni peke yake, wala hawezi kuwaacha wenzake wamsubiri juani. Basi kundi lote hugeuzwa pale pale, aghalabu kabla halijauona hata Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni mwaka 1570 hivi, na hurudishwa basini likapelekwe kwingine penye choo. Nyuma yake hubaki mchongaji aliyekwisha kufunua meza yake, muuza vikoi aliyekwisha kukubaliana bei na mteja ambaye hakupata nafasi ya kutoa pesa, na muuza halwa aliyekwisha kukata vipande vya kuonjesha, ambavyo huliwa na watoto wa madrasa. Haya si mambo ya siku moja. Ndiyo sababu kuu ya meza zetu kurudi nyumbani kama zilivyokuja.

Hatukukaa kitako tukisubiri serikali. Mama mmoja mwanachama wetu, ambaye ameomba jina lake lisisomwe hapa, amekuwa akiwafungulia wageni choo cha nyumbani kwake. Msimu uliopita, siku ya meli, foleni ilianzia mlangoni mwake ikafika kwa fundi cherahani, wazungu wamevua kofia wanajipepea, na yeye amesimama uani na kata akiwamiminia maji ya kunawa, maji ambayo aliyanunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa sababu mfereji siku hiyo haukutoa hata tone. Mgeni mmoja alimtunza dola tano. Mwingine aliomba ruhusa ya kupiga picha birika. Mumewe, aliyerudi kuoga kabla ya sala ya adhuhuri akakuta watu kumi na wawili mbele yake, amekieleza kikundi maoni yake kwa lugha ambayo Katibu hakuiingiza katika kumbukumbu za mkutano. Maimamu wetu nao wametuvumilia katika dharura, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini mahali pa watu kutawadhia si pa kupitishia makundi ya watalii, na haya imetuzuia kuwaomba tena.

Tungependa ujue pia kwamba mteja wetu bora si huyo abiria. Ni mfanyakazi wa meli: Mfilipino, Mhindi, Mwindonesia, aliyepewa saa chache za kushuka. Huyu hana basi wala mwongozaji. Anatafuta kivuli, intaneti, chakula cha moto na zawadi ya mtoto aliyemwacha kwao, na bei haimchukui muda mrefu. Akipata mahali pa kukaa, hukaa, na aliyekaa hununua. Asipopata, hupanda tuktuk akaenda zake.

Kule Kilindini, kwenye gati namba 1, limejengwa jengo la kisasa la abiria kwa gharama iliyotangazwa kuwa takriban shilingi milioni 350, nasi tulilishangilia kwa moyo mmoja na bado tunalisifu kwa wageni. Lakini, Mheshimiwa, jengo lile linampokea mgeni vizuri, kisha huku mjini tunamfukuza kwa kukosa mlango mmoja wa bati na ndoo ya maji.

Ombi hili si geni katika afisi za wakubwa. Mgeni rasmi wa kwanza kulisikia alisema limefika. Wa pili alisema liko mezani. Wa tatu, ambaye tunamheshimu sana, aliweka jiwe la msingi. Jiwe hilo lipo hadi leo pembeni mwa kiwanja, la marumaru nyeusi, na jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu kubwa kuliko jina la mradi wenyewe. Pazia lililofunuliwa lilirudishwa kwa mwenyewe jioni ile ile kwa kuwa lilikuwa la kukodi. Muuza kahawa huweka dele lake juu ya jiwe hilo, maana ndipo pahali pekee pa tambarare, na baadhi ya watalii wamekuwa wakituuliza ni kaburi la nani. Waongozaji wetu wamekubaliana kujibu kwamba ni historia ya karibuni.

Tulipofuatilia, afisi moja ilitueleza kuwa ardhi ni ya afisi nyingine. Hiyo nyingine ikasema ardhi kweli ni yake, lakini vyoo si kazi yake. Ya tatu ikatukumbusha kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na kwamba Fort Jesus imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, jambo ambalo sisi humwambia kila mgeni anayeshuka basini na kwa kweli hatukuwa tumelisahau. Hatuombi ghorofa la vioo. Tunaomba jengo dogo la chini, la mawe na chokaa kama nyumba zetu, lisiloziba mandhari ya ngome, lenye milango sita, mmoja wao mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, na tangi kubwa juu yake kwa sababu sote tunayajua maji ya kisiwa hiki. Tunaomba ramani ipelekwe kwa wahifadhi kwanza, kabla ya jiwe lolote kuwekwa. Usafi na ulinzi kikundi kitavibeba chenyewe, kwa ada ndogo kwa wageni wa meli na bure kwa watoto na wazee wa mtaa. Makadirio ya fundi, mchoro wa kijana wetu anayesomea ujenzi, na nakala za barua zetu zote tumeviambatanisha nyuma ya risala hii. Utatusamehe kwa uzito wa bahasha, barua ndizo nyingi.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, tusipewe kitu kingine badala ya hiki. Tumewahi kuomba choo tukapewa semina ya ujasiriamali ya siku mbili, ambayo ilifanyika hotelini, na ambayo wanachama wanaikumbuka hasa kwa vyoo vyake. Tumewahi kupewa mipira na jezi, ingawa hatuna timu. Jezi tunashukuru, zinavaliwa.

Mheshimiwa, meli za msimu huu zinaanza kuingia Novemba. Hatukuombi utuahidi leo kwamba choo kitakuwepo kufikia siku hiyo, maana ahadi tunazo za kutosha. Tunachoomba ni ututajie afisi itakayobeba kazi hii, mtu tutakayemwendea katika afisi hiyo, na tarehe ya yeye kuja kukikagua kiwanja pamoja nasi. Mweka Hazina wetu ameandaa karatasi yenye nafasi tatu za mambo hayo na moja ya sahihi, naye atakuletea mezani mara tu baada ya risala hii, kabla pilau haijapakuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wako watiifu,
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa niaba ya wanachama wote.