Ndugu zetu wa Lexington, na karo ya Januari

Mhariri,

Habari iliyo midomoni mwa Waswahili wa huku jimbo la Nebraska, Marekani, ni ya mji wa Lexington, na sijaiona gazetini mwako. Novemba hii ya 2025, kampuni ya nyama ya Tyson ilitangaza kwamba itafunga machinjio yake ya ng'ombe mjini humo ifikapo Januari. Wafanyakazi ni kama 3,200. Sensa ya 2020 ilipouhesabu mji mzima, pamoja na watoto wa mgongoni, ilipata watu 10,348. Ni kweli baadhi ya wafanyakazi wanalala miji ya jirani, lakini hesabu hiyo inatisha vilevile.

Mimi ni dereva wa lori la friji, mzaliwa wa Garissa. Barabara ya I-80 inapita kusini mwa mji huo, na shemeji zangu wanaishi pale, kwa hiyo nikipata nafasi huingia kwao nikala wali kabla ya kuendelea.

Lexington imewahi kupitia hali kama hii. Kiwanda cha mashine za kuvunia nafaka kilifungwa katikati ya miaka ya 1980, na mji uliokuwa na watu wapatao 7,000 mwaka 1980 ukabaki na 6,601 mwaka 1990. Mwaka huohuo kampuni ya IBP, ambayo baadaye ilinunuliwa na Tyson, ikafungua machinjio. Kufikia 2000 watu walikuwa 10,011. Si kwamba wenyeji walizaa sana! Walikuja Walatino, kisha Wasomali wetu, wengine wakitokea kambi za wakimbizi za Dadaab. Miji mingi midogo ya nyanda hizi imebaki na wazee, na shule zinaunganishwa kwa kukosa watoto. Hapa madarasa yalijaa.

Sasa tuje kwenye kipato, maana ndipo watu wa nyumbani wanapotuhesabu vibaya. Takwimu za Marekani aghalabu hutaja kipato cha kaya. Kwa shemeji, mume huingia zamu ya asubuhi na mke ya jioni. Hukutana mlangoni wakikabidhiana mtoto na funguo za gari. Kijana wao mkubwa naye yuko kwenye laini, kisu mkononi. Ukijumlisha, ni kaya yenye nafuu, na benki iliwapa mkopo wa nyumba bila shida. Lakini mishahara yote mitatu hutoka lango moja, na itakatika siku moja. Nyumba wamuuzie nani, na mtaa mzima unataka kuuza?

Sababu wanayoitaja Tyson ni uhaba wa ng'ombe, na hapo siwabishii. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Ukame uliwafanya wafugaji wauze hata mitamba. Mtu wa Garissa hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mtamba akibakizwa leo azae, itapita zaidi ya miaka miwili kabla ndama wake hajafika machinjioni, na hakuna familia yenye mkopo inayoweza kungoja hivyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba habari za Marekani zisiishie Washington na New York. Wasomaji wako wengi wana mtu katika miji ya machinjio kama Lexington, Fort Morgan au Grand Island, si Manhattan.

Na kwa wazazi walioko Garissa na Eastleigh: najua Januari shule zinafunguliwa na orodha za karo zimeshaanza kupigwa picha na kutumwa kwenye simu. Kama mtoto wako yuko Lexington, mpigie kwanza umuulize anahamia wapi. Shemeji yangu ameshapokea orodha mbili wiki hii, na zote amezijibu "sawa", kwa sababu ameona haya kueleza.

Dereva wa lori,
Omaha, Nebraska