Miaka pekee haipimi hatari ya upasuaji

Mhariri,

Mzee wa miaka 80 mwenye saratani ya utumbo mpana anaweza kunyimwa upasuaji kwa umri wake tu, huku wa miaka 68 aliyedhoofika akipelekwa moja kwa moja. Hesabu hiyo ina kasoro. Kinachotabiri matatizo vizuri zaidi ni udhaifu wa mwili, na kuupima hakuhitaji mashine. Mgonjwa atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidi sekunde 5, yaani chini ya mita 0.8 kwa sekunde, achunguzwe zaidi. Aulizwe uzito uliopungua, dawa anazotumia, na kama anaoga na kuvaa bila msaada. Kipimo cha kumbukumbu ndicho husahaulika (kichekesho, kwa kweli), ilhali mwenye kumbukumbu hafifu huchanganyikiwa kwa urahisi baada ya nusukaputi.

Albumini, yaani protini iliyo katika damu, ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, hatari ya mshono wa utumbo kuvuja huongezeka. Upungufu wa damu utibiwe mapema. Madini ya chuma ya kudungwa mshipani hufanya kazi haraka kuliko vidonge. Wiki 2 hadi 4 za mazoezi na protini kabla ya upasuaji humjenga mgonjwa, isipokuwa utumbo ukiziba: hapo hakuna kusubiri, na hatari hupanda sana.

Mdau wa afya ya wazee