Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumetoka Salt Lake City kwenda jangwani mara tatu, na mara zote tumerudi watu walewale tulioondoka. Kwa chama kilichowahi kumsahau mweka hazina wake kwenye kituo cha mafuta, hayo ni maendeleo.

Safari kubwa ilikuwa ya Oktoba, Hifadhi ya Taifa ya Arches, karibu na mji wa Moab, hapa Utah, mwendo wa saa nne kwa gari. Tulipanda hadi Delicate Arch, tao la jiwe lenye uwazi wa karibu mita 14 kwenda juu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 5, lakini zisiwadanganye: unapanda juu ya mwamba mtupu, kivuli hakuna. Waliokuja na kichupa kimoja cha maji waliishia kuombaomba. Safari ijayo, asiye na lita mbili atabaki kulinda gari.

Kuhusu picha, wengi mlilalamika kwamba mwamba umetoka mwekundu wa kupendeza na nyuso zenu zimetoka masizi. Kamera inapima mwanga wa jiwe linalong'aa, wewe inakusahau. Gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza. Au simama kivulini, uutazame ukuta unaopigwa na jua. Mwanga unaorudi kutoka jiweni una rangi ya chungwa na unaipenda ngozi yetu. Ile picha ya bibi yetu wa Uvira akikaza kitenge ilipigwa hivyo, kwa simu ya kawaida.

Sasa la aibu, nalo ni langu. Pale Landscape Arch, tao lenye upana wa karibu mita 88 ambalo mwaka 1991 lilidondosha bamba zito la jiwe watu wakitazama, nilitafuta pembe nzuri nikatoka njiani hatua kama kumi. Udongo ukavunjika chini ya kiatu kama ukoko wa wali. Niliinama nikaona vichuguu vyeusi vidogo vidogo, na nyayo zangu katikati yake. Askari wa hifadhi hakufoka. Alinieleza kuwa ule ukoko ni hai: bakteria, kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) na kuvu vilivyoushikamanisha mchanga usipeperuke, na unyayo mmoja unaweza kuchukua miongo ya miaka kupona. Kamati imeamua: atakayetoka njiani, kamera inaingia begini hadi kesho yake. Nimeshaitumikia adhabu yangu.

Fedha kwa ufupi. Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa mkazi wa Marekani, inaingiza gari zima, kwa hiyo jazeni viti. Ila safari ya Machi ni Goblin Valley, ambayo ni hifadhi ya jimbo. Kadi hiyo haikubaliwi pale, tutalipa mlangoni. Mweka hazina anakusanya kuanzia leo. Safari hii tutamhesabu mara mbili.