Mheshimiwa Waziri, jembe bila mpini halilimi

Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Pensheni wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Leicester. Chama chako cha Labour hakijawahi kupata kura yangu, na sioni dalili kwamba kitaipata karibuni. Mimi ni mtu wa mrengo wa kulia, ule wa wastani: naamini serikali ina wajibu wa kumshika mkono aliyeanguka, na naamini vilevile kwamba aliyeshikwa mkono ana wajibu wa kusimama pindi akiweza. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wengi ninaofanya nao kazi wanakielewa kuliko Kiingereza cha barua za mafao, na napenda wao wawe wa kwanza kujua nimesema nini. Wewe una wakalimani.

Tuna msemo wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzangu wa kulia wakifasiriwa hupiga makofi. Wa kushoto hununa, ingawa Julius Nyerere, mjamaa ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka, aliutumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza kwamba katika jamii anayoitaka kila mtu ni mfanyakazi. Hata William Beveridge, ambaye ripoti yake ya 1942 ndiyo iliyozaa mfumo unaousimamia leo, alitaka mtu aliyelipwa kwa muda mrefu kwa kukosa kazi ahudhurie kituo cha kazi au mafunzo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba masharti yaliletwa na wahafidhina wenye roho ya korosho. Yalikuwamo tangu siku ya kwanza.

Ila msemo ule hausemi mgeni anyimwe chakula. Unasema apewe jembe, na jembe ninalolijua mimi lina mpini.

Nianze na ninachokubali, maana najua mezani kwako kuna rundo la barua zinazokutaka ufute kikomo cha mafao. Usikifute. Kilipoanza mwaka 2013 kilikuwa pauni 26,000 kwa mwaka kwa familia, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuelezwa hata kwenye kituo cha basi: nyumba isiyo na mfanyakazi isipokee kwa mwaka zaidi ya kile ambacho nyumba ya jirani inakitolea jasho. Mwaka 2016 kikashushwa, mwaka 2023 kikapandishwa kidogo, na sasa ni pauni 25,323 ndani ya London na 22,020 kwingineko. Wenye ulemavu wanaolipwa PIP hawaguswi, na wanaolipwa posho ya kumtunza mgonjwa hawaguswi. Lakini uzuri wake hasa uko pengine, na watetezi wake wengi hata hawautaji: kina mlango. Ukipata mshahara unaolingana na saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini, kikomo kinaondoka. Hakikuulizi ulizaa wangapi wala umetoka wapi. Kinakuuliza jambo ambalo mtu mzima mwenye afya anaweza kulijibu kesho asubuhi.

Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kizuizi cha mafao. Aliyefungiwa aweze kuufikia mlango, na akiufikia, ufunguke.

Sasa nikupeleke kazini kwangu. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usafi katika jengo la ofisi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu. Mwezi wa tano mwaka 2025, dada mmoja wa zamu yangu, mama wa watoto watatu anayelea peke yake, alinifuata nikiwa najaza ndoo. Hakuwa amevua koti. Akanipa simu.

“Kaka, hebu nisomee hapa. Hawa wanasema nimekatwa kwa sababu sifanyi kazi. Mimi si niko hapa?”

Nikasoma, nikarudia. Kweli, hesabu ya mwezi ule ya Universal Credit, fao kuu la wenye kipato kidogo, ilikuwa na mstari wa kikomo, na mstari ule ulikuwa umekula pauni mia mbili na kitu. Na kweli alikuwa kazini: saa 16 kila wiki, hajakosa hata siku moja tangu Februari, najua kwa kuwa mimi ndiye ninayepanga zamu. Tukaweka simu juu ya mashine ya kusugulia sakafu tukapiga hesabu.

Kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kiwango cha kuvuka kikomo kilikuwa pauni 846 kwa mwezi, ambacho ndicho hasa saa 16 kwa wiki zinapohesabiwa kwa mwaka mzima na kugawanywa kwa miezi 12. Lakini mwajiri wetu, kama waajiri wengi wa kazi za aina hii, hatulipi kwa mwezi. Analipa kila baada ya wiki 4. Saa 16 mara wiki 4 mara 12.21 ni pauni 781. Kwa hiyo kwa miezi 11 ya mwaka mfumo unamwona dada huyu kama mtu aliyeshindwa kufikisha saa 16, na katika mwezi mmoja, ule unaoangukiwa na mishahara miwili, unamwona kama tajiri na kumpunguzia mafao kwa sababu nyingine. Saa ni zilezile. Ufagio ni uleule. Kilichobadilika ni tarehe ya benki.

Nikadhani ni kosa la kompyuta. Si kosa. Suala hili liliwahi kufika mahakamani, Mheshimiwa, na upande wa serikali unalijua vizuri. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kumhesabia mfanyakazi wa malipo ya wiki 4 namna hiyo hakuna mantiki. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikaipa ushindi. Sibishani na majaji. Kazi yao ni kusema lipi ni halali. Ila waliokwenda kupigania hesabu ile walikuwa serikali ya chama ninachokipigia kura mimi, na hilo liliniuma zaidi ya hukumu yenyewe. Tulihubiri kazi, mtu akaja kazini, kisha tukamlipa wakili atueleze kwa nini mtu huyo hayupo kazini.

Dada yule aliniuliza kama nina saa mbili za kumwongezea. Zingemtosha: kwa saa 18 angepata pauni 879 kwa malipo ya wiki 4, juu ya kiwango. Sikuwa nazo. Mkataba wa jengo una idadi yake ya saa.

Kuhusu kikomo cha watoto wawili, kile kilichomnyima mtoto wa tatu na kuendelea nyongeza ya mafao, nitasema kwa ufupi, maana Bajeti ya Novemba 2025 ilikwisha kutangaza kuwa kinafutwa kuanzia Aprili 2026, na wenzangu wanaapa kukirudisha wakishika madaraka. Mimi nawaomba wasikirudishe. Naielewa hoja yake: wazazi wanaojitegemea hupanga familia kwa kutazama mifuko yao, kwa nini wengine wasifanye hivyo? Hoja ina uzito. Lakini kizuizi kile hakikuwa na mlango. Zaidi ya nusu ya nyumba zilizoguswa zilikuwa na mtu anayefanya kazi, na hakuna saa za ziada ambazo zingemwondoa mtoto wa tatu kwenye hesabu. Mwanamume aliyefiwa na mke akiwa na watoto watatu ungemwambia afanye nini, arudi nyuma?

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na la akiba, ambalo kwa mtu wa kulia ni kichefuchefu. Mwenye zaidi ya pauni 16,000 benki hapati Universal Credit hata senti. Mwenye zaidi ya 6,000 anakatwa pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila 250 inayozidi, kana kwamba fedha hiyo inamzalia faida ambayo hakuna benki inayoitoa. Viwango hivyo havijaguswa tangu Universal Credit ianze mwaka 2013. Vijana wawili wa zamu moja, mshahara mmoja: mmoja amejinyima miaka kumi akitafuta malipo ya awali ya nyumba, mwenzake kila Ijumaa anamaliza alichonacho. Wote wawili wapoteze kazi leo. Wa kwanza tunamwambia akale nyumba yake kwanza. Halafu tunashangaa watu hawaweki akiba.

Makato ya mshahara nayo nisiyaruke. Kwa kila pauni unayoongeza, Universal Credit inapungua kwa pensi 55. Ilikuwa 63 hadi mwaka 2021, na naipongeza serikali ya wakati ule. Lakini mtu aliyevuka kiwango cha kodi, ukitoa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima ya taifa kisha hizo 55, anabakiwa na pensi 32 katika pauni. Nikiomba mtu abaki saa moja zaidi alfajiri ya Desemba, najua ninamwomba abaki kwa pauni 4 hivi. Wengine hukataa, na siwezi kuwaita wavivu.

Ninachokuomba hakihitaji mabilioni. Sheria inakutaka ukipitie kikomo cha mafao angalau mara moja kila miaka 5, na mara ya mwisho kilipitiwa Novemba 2022. Usisubiri Novemba 2027 kurekebisha hesabu. Anayelipwa kila wiki 4 mishahara yake 13 ijumlishwe na kugawanywa kwa miezi 12, au ahesabiwe kwa saa alizofanya. Taarifa za mishahara tayari zinafika serikalini kila mwajiri anapolipa, hakuna fomu mpya inayohitajika. Viwango vya akiba vipandishwe, vifuate walau bei zilivyopanda tangu 2013. Kikomo chenyewe kiache, na ukishambuliwa bungeni kwa kukiacha, mimi nitakutetea huku kwetu, jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningemwandikia waziri wa Labour.

Mwezi wa nane mfanyakazi mmoja wa zamu yangu alihamia Coventry. Saa zake mbili za Alhamisi nilizipeleka kwa dada yule kabla tangazo halijabandikwa. Mwezi uliofuata mstari wa kikomo haukuonekana kwenye simu yake. Watoto watatu walipata haki yao kwa kuwa mtu alihama mji.

Wako kwa heshima,

Msimamizi wa zamu ya alfajiri
Leicester